Usiku Mmoja katika Njia ya Taveta

Ukipata nafasi ya kushuka Voi, msomaji wangu, usiridhike na kutazama stesheni na maduka kisha ukaendelea na safari yako. Uliza lilipo kaburi la Bwana O'Hara. Watu wengi hupita mji ule wakikimbilia Mombasa au Nairobi, wasijue kwamba pale amelala mtu aliyekuja kutafuta kazi katika nchi ya ugenini pamoja na mkewe na watoto wake wawili wadogo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Ikapita nyika ya Taru isiyo na maji, na ilipofika Machi 1898 ilikuwa imekwisha kupita Voi na kuufikia mto Tsavo. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi wao waliwaacha wake na watoto kwao. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka wa 1901, wapatao 2,500 miongoni mwao walikuwa wamekufa. Habari za simba wawili wa Tsavo umekwisha kuzisikia, bila shaka. Waliuawa Desemba 1898, na watu wakapumua wakidhani hatari imekwisha.

O'Hara hakuwa mtu wa reli yenyewe. Yeye alikuwa mhandisi aliyesimamia kazi ya kutengeneza barabara kutoka Voi hadi Taveta, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Taveta, karibu na Kilimanjaro, palikuwa pahali pa misafara kupumzika tangu zamani, kwa sababu palikuwa na msitu, maji na chakula. Ilitakiwa sasa mizigo ishuke katika gari la moshi pale Voi na kuendelea kwa barabara. Lakini mtengeneza barabara hana nyumba. Barabara ikisogea, naye husogea; na nyumba yake ni hema.

Wako wasomao habari hii wakamlaumu: mzazi gani huyu, achukuaye mtoto mchanga na kumlaza hemani nyikani? Mimi sina haraka ya kumhukumu. Nilipopelekwa kufundisha mbali na kwetu niliwaacha wanangu nyumbani, na niliporudi likizo yule mdogo alijificha nyuma ya mamaye, asinijue mimi ni nani. Mtu huyu alikuwa na njia mbili, kuwaacha ng'ambo ya bahari au kuwa nao, akachagua kuwa nao.

Yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka wa 1899 tunayajua kwa kuwa mjane wake alimsimulia Patterson, aliyejenga daraja la Tsavo, naye akayaandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1907. Usiku ule mtoto mchanga alikuwa na homa. Mama akaamka ampe kinywaji, akasikia nyayo zikizunguka hema. Akamwamsha mumewe. O'Hara akatoka na bunduki, akamwuliza askari aliyekuwa penye moto. Askari akajibu kwamba hakuona kitu ila punda. Basi akarudi, akamtuliza mkewe kuwa ni punda tu. Na kwa vile joto lilikuwa kali, akaufungua mlango wa hema, akalala.

Mama alizindukana akihisi kama mto unavutwa chini ya kichwa chake. Kutazama, mume hayupo. Akatoka mbio, akamkuta amelala kati ya masanduku nje ya hema. Akajaribu kumwinua, asiweze. Akamwita askari amsaidie. Askari akakataa, akimwambia kwamba simba amesimama ubavuni pake. Kuinua macho, alimwona hatua mbili tu mbali naye. Ndipo askari akapiga bunduki na simba akaruka kichakani. Askari wanne wakamrudisha bwana wao kitandani, lakini alikuwa amekwisha kufa. Simba hakukubali kushindwa. Alirudi tena, akazunguka usiku kucha, nao wakapiga risasi mpaka alfajiri.

Kulipokucha, mwili ulichukuliwa juu ya machela hadi Voi. Nyuma yake alikuja mama huyo kwa miguu, amempakata mchanga wake, na mkubwa amemshika nguo.

Hakuwa wa kwanza kulipa hivyo. Mwaka wa 1844 mmisionari Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosine. Haikupita miezi mitatu, mke na binti aliyezaliwa papo hapo wakawa kaburini. Lakini Krapf alibaki na kazi yake. Bibi O'Hara hakuwa na kazi pale Voi. Lililomleta lilikuwa limezikwa. Wanaume waandikao historia za reli hulisahau jambo hili, huishia penye simba.

Huyo simba naye alipata mwisho wake. Wiki chache baadaye Mtaita mmoja alipanda juu ya mti akamchoma kwa mshale wa sumu. Serikali ilikuwa na bunduki nyingi mahali pale, lakini mshale ndio uliomaliza kazi. Kitabu hakikuandika jina la mtu huyo, wala majina ya wale askari wanne.