Tembo Lililolala

Apitaye asubuhi Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi uliochukua jina la mji wa ziwani ilhali upo jirani na bahari, akiyakuta mangwe, yaani vilabu vya tembo, yamekwisha kupokea wateja, asidhani kwamba ni ulevi tu uwahimizao. Kwani tembo la mnazi tangu kale halina subira, na ada nyingi za Wagiriama wa pwani hiyo zilisimama juu ya kukosa subira huko.

Zabibu huvundikwa pamoja na maganda na kokwa zake, na humo mvinyo nyekundu hurithi tanini, ambazo hushikamana na protini na kuwadhoofisha bakteria wengi, hata ikaweza kukaa chupani miaka. Maji ya karara hayana hirizi hiyo. Mgema hupanda alfajiri na jioni, akaichega ncha ya karara kwa kotama, wembamba wa ukucha, na utamu ule hudondokea katika kibuyu chenye mabaki ya hamira ya jana, basi hata kabla hakijateremshwa kazi imekwisha kuanza: hamira huifanya sukari kuwa kileo, bakteria wa asidi ya maziwa huleta ukali, na tembo likilala, wale wa siki, wapendao hewa, hukila kileo chenyewe. Kwingineko watu waliitafuta hirizi mitini. Sri Lanka, kwa mfano, wagema hutia chomboni gome la mti uitwao hal, lenye tanini, ili kuichelewesha chachu.

Kitu kisichowekeka hakina budi kunywewa, tena na wengi. Naona ndiyo sababu tembo lilifaa mno katika posa, matanga na mabaraza ya wazee. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya Wagiriama, aliandika jinsi minazi, tembo na mashahidi vilivyofungamana katika kuuziana mali. Aliyekunywa siku ya mauziano ndiye aliyeona.

Kwa Mwislamu wa pwani kileo hicho ni haramu, bali siki ni halali. Wanavyuoni wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yafuatwayo zaidi Uswahilini, walipitisha kwamba khamri ikigeuka siki yenyewe, pasipo kutiwa kitu, hutoharika. Nao walinena hayo karne nyingi kabla ya Louis Pasteur, katika miaka ya 1860, kuonyesha kwamba wageuzaji ni viumbe hai.