Jikoni: Neno Letu Mjini London

Leo tusome neno moja: JIKONI. Mwaka 2016 neno hili lilipewa hoteli ya chakula mjini London. Aliyeifungua ni Bibi Ravinder Bhogal, aliyezaliwa Kenya kwa wazazi wa Kihindi, akahamia Uingereza akiwa na miaka 7. Upishi alianza kujifunza nyumbani, akiwa mtoto. Mwaka 2007 alishinda shindano la wapishi katika televisheni. Mwaka 2009 akatoa kitabu cha mapishi.

Je, kalamu ina kazi gani jikoni? Chakula huliwa kikaisha, bali maandishi hubaki.

Kazi ya leo: mama, andika unavyopika kisamvu. Wajukuu watasoma.