iBoy: Muvi ya chali mwenye simu kwa ubongo, na vitu zote unafaa kujua kabla uicheki

Cheki hii picha. Uko shule ya upili, unaishi na shosho yako kwa gorofa moja refu la kaunsili huko London. Kuna manzi wa shule yenu anaitwa Lucy, umemmezea mate kitambo lakini mdomo umekufa. Siku moja anakuambia ukuje kwao mpige msasa pamoja. Unafika, unapata mlango uko wazi, na huko ndani kuna mbogi ya machali wamefunika nyuso. Unageuka, unahepa mbio, unatoa simu upigie karao. Unapigwa risasi ya kichwa na simu ikiwa sikioni.

Unaamka hosi. Daktari anakuambia una bahati, lakini kuna vipande vya ile simu viliingia ndani sana na haviwezi kutolewa. Halafu unaanza kusikia vitu. Kelele kama redio haijashika stesheni. Halafu unagundua hiyo kelele ni simu za watu.

Hivyo ndivyo iBoy inaanza, na kama hujawahi kuiona, tulia hapa. Sitakuambia mwisho, usijali.

Ni muvi gani hii?

iBoy ni muvi ya Uingereza iliyotoka Netflix tarehe 27 Januari 2017. Inachukua saa moja na nusu tu, kwa hivyo hata ukianza saa tatu usiku utalala mapema. Dairekta ni Adam Randall, jamaa ambaye baadaye alifanya I See You ya 2019 na ile ya mavampaya, Night Teeth, ya 2021. Kati ya walioandika stori kuna Joe Barton, na hilo jina ulishike, juu ndiye aliandika Giri/Haji na pia Black Doves. Msee ako na mkono mzuri wa stori za London za usiku.

Tom Harvey, huyo chali wa simu, amechezwa na Bill Milner. Uso wake unaweza kuwa unaujua bila kujua unaujua: ndiye alikuwa Magneto akiwa mtoto kwa X-Men: First Class ya 2011. Lucy ni Maisie Williams, yaani Arya Stark mwenyewe. Wakati iBoy inatoka Game of Thrones ilikuwa bado inaendelea, na sishuku watu wengi walibonyeza hiyo muvi juu yake peke yake. Shosho ni Miranda Richardson, yule mwandishi wa udaku Rita Skeeter kwa Harry Potter. Na bosi wa wauzaji madawa, Ellman, ni Rory Kinnear, ambaye kwa muvi za James Bond huwa ni yule mtu wa ofisi mpole anaitwa Tanner. Hapa si mpole. Anaingia muvi ikiwa imeenda sana, lakini akiingia unakaa wima.

Nguvu zake zinafanya aje

Tofauti na masupahiro wengi, Tom harushi mtu ukutani na hapai. Anasoma simu. Mesiji zako, picha zako, mahali uko, nani umempigia saa nane usiku. Mwanzoni zinakuja zote kwa mpigo na zinamuumiza kichwa, baadaye anajifunza kuchagua. Akizoea anaweza kuamrisha kitu chochote chenye saketi ndani yake.

Na anatumia hiyo nguvu kufuata wale machali. Juu sasa anajua ni nani. Kiongozi wao ni Eugene, na wengine ni watu anawapita kila siku shuleni na chini ya gorofa. Anaanza na hao wadogo, anawachezea akili mmoja mmoja, kisha anapanda ngazi kwenda kwa wenye wanawapatia mzigo wa kuuza. Hapo ndo mambo inachacha. Kuaibisha kijana wa shule ni rahisi. Kuchokoza mtu mzima mwenye biashara yake inategemea woga wa watu ni kitu ingine, na Tom hana hata rungu. Bado ni chali mwembamba wa hudi ambaye ukimpiga ngumi moja anaanguka.

Mimi hiyo ndio ilinibamba zaidi. Nguvu iko kwa kichwa lakini mwili ni ule ule.

Inawezekana kweli?

La hasha. Simu bila betri ni kipande cha kioo na chuma, na betri ya lithiamu ndani ya fuvu ingekumaliza kabla hujasoma mesiji ya kwanza. Miezi michache kabla muvi itoke, mwaka wa 2016, Samsung ilirudisha simu zote za Galaxy Note 7 juu betri zilikuwa zinashika moto mifukoni mwa watu. Sasa fikiria hiyo kwa ubongo.

Lakini kuunganisha ubongo na kompyuta si ndoto. Watafiti wa mradi wa BrainGate huko Marekani walianza kujaribu kwa binadamu mwaka wa 2004, wakisaidia watu waliopooza kusongesha kishale cha kompyuta kwa mawazo. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ikaweka kifaa chake kwa ubongo wa mtu kwa mara ya kwanza, na huyo jamaa akaonekana akicheza chesi kwa kompyuta bila kugusa kitu. Ila angalia mwelekeo: hizo mashine zinasoma ubongo na kutuma nje. Tom anafanya kinyume, anavuta dunia yote iingie ndani. Hapo bado hatujafika, na sijui kama tunataka kufika.

Kitu ingine. Anavyosoma mesiji zikipita hewani ni uongo mtamu. Kuanzia 2016 WhatsApp imefunga mesiji kutoka simu moja hadi nyingine, kwa hivyo mtu akizidaka katikati anapata takataka tu ya herufi. Ili akusome lazima aingie kwa simu yenyewe, ama akudanganye wewe umfungulie. Na hapa nyumbani tunajua hiyo ya pili vizuri sana. Wale wasee wa kubadilisha laini hawahitaji kipande chochote kwa ubongo. Wanahitaji nambari yako ya kitambulisho, jina lako kamili, na sauti ya upole wakikupigia wakidai ni wa huduma kwa wateja. Laini ikishahamia kwa kadi yao, wanaomba PIN mpya, na M-Pesa yako inabaki sifuri ukiwa bado unashangaa mbona simu haina mtandao. Kwa hivyo simu yako ikikosa mtandao ghafla na ya mwenye umekaa naye iko sawa, usiketi. Omba simu ya jirani na upigie kampuni yako hapo hapo.

Ukiniuliza, Ellman alifaa tu kuajiri hao wasee.

Mahali muvi inapata moto, na mahali inateleza

Sasa tuongee ukweli. Kilichofanyika kwa Lucy ni ubakaji. Muvi haionyeshi kitendo chenyewe, na hiyo ni heshima, lakini haifichi matokeo yake. Lucy hatoki nje. Anaogopa ngazi za gorofa lao mwenyewe, anaogopa lifti, anajua waliomfanyia wako hapo chini na yeye ndiye amefungiwa ndani. Maisie Williams anacheza hizi sini bila kelele nyingi. Kama hii ni kitu imekugusa wewe ama mtu wako, jipange kabla ya kuicheki, ama uiruke kabisa. Hakuna mtu atakuuliza.

Shida ni hii. Tom anaanza kumtumia Lucy mesiji akijiita iBoy, supahiro asiyejulikana. Anamfariji. Lucy anaanza kumwamini huyu mtu wa simu. Wakati huo huo Tom anamtembelea kama Tom, anakaa kando yake, anamwangalia akijibu mesiji ambazo ni yeye ametuma. Muvi inataka uone hiyo kama utamu wa mapenzi. Mimi niliona baridi. Huyu dem ameingiliwa nyumbani kwake na watu waliofunika nyuso, halafu rafiki yake anaingia kwa simu yake akiwa amefunika jina. Najua nia yake ni safi. Lakini hakumuuliza.

Na kisasi pia. Kila mtu Tom anaangusha, anasema ni kwa ajili ya Lucy. Ni lini Lucy alisema anataka hivyo? Muvi inakaribia kuuliza hili swali, inaligusa, kisha inakimbilia bunduki na magari. Wahakiki wengi walilalamika kuhusu hilo ilipotoka, kwamba uchungu wa msichana umefanywa mafuta ya gari la kijana, na siwezi kuwapinga.

Ila kuna sini moja karibu na mwisho. Lucy ako na wale machali, Tom hayuko, hakuna simu inamsaidia. Siambii mtu kitu. Nasema tu kwamba hapo ndo Lucy anaonekana amechoka kuokolewa, na hizo dakika chache zinabeba muvi kuliko maajabu yote ya kompyuta yaliyotangulia.

Halafu kuna Danny, beshte ya Tom, amechezwa na Jordan Bolger. Usimlale. Kila mtaa una Danny: chali poa, anakuchekea, anakuitia vijana wasikusumbue, na hujui jioni huwa anakaa na nani.

Kitabu kilikuja kwanza

Stori ilitoka kwa riwaya ya Kevin Brooks, Mwingereza, iliyochapishwa 2010 kwa jina hilo hilo. Brooks huandikia vijana lakini hawabembelezi. Mwaka wa 2014 alishinda medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto na vijana Uingereza, kwa kitabu cha The Bunker Diary, na kukawa na kelele kibao kwamba kina giza kupita kiasi.

Kwa kitabu Tom hapigwi risasi. Ako chini ya gorofa, simu inatupwa kutoka juu kabisa na inampasua kichwa. Na nguvu zake ni kubwa kuliko za muvi: ngozi yake inaweza kutoa umeme, ukimgusa unarushwa. Muvi iliondoa hiyo na nadhani ilifanya vizuri, juu Tom wa umeme angekuwa tu supahiro mwingine. Kwa upande ule mwingine, kitabu kinakaa zaidi ndani ya kichwa cha Tom, na unaona venye anaogopa anachogeuka kuwa. Ukipata nakala, soma.

Washa maandishi ya chini

Usijidai. Hata kama Kiingereza chako ni cha A, hawa vijana wanaongea lugha yao. Wataalamu huiita Kiingereza cha London cha tamaduni nyingi: kimezaliwa kwa mitaa ya nyumba za kaunsili, watoto wa Wajamaika, Waafrika Magharibi, Wabangladeshi na Waingereza weupe wakikulia ngazi moja. Mtaa wanaita “ends”, mbogi wanaita “mandem”. Kama umetoka Eastlands huhitaji kuelezwa zaidi. Sheng ilikulia mahali kama hapo, Kaloleni, Jericho, nyumba za kaunsili zilizojaza watu wa kabila zote na watoto wakaamua wataongea yao. Ndio maana hata ukiwa hujawahi kukanyaga London, ile korido ndefu yenye taa moja inayopepesa utaijua. Shosho kumuuliza kijana “umetoka wapi saa hii” pia utaijua.

Ukishaimaliza

Ukitaka London ile ile lakini na kicheko, tafuta Attack the Block ya 2011. Ni vijana wa gorofa la kaunsili wakipigana na majini ya angani, na ndiyo iliyomtoa John Boyega kabla ya Star Wars. Ukitaka upande wa madawa bila supahiro yeyote, Top Boy. Mtu wa gemu atakuwa ashakumbuka Watch Dogs, ya 2014, jamaa anadukua jiji la Chicago kwa simu, na ile ya 2020 imewekwa London yenyewe. Kwa kifaa ndani ya mwili ikienda vibaya kabisa, Upgrade ya 2018 ni kali kuliko iBoy, sitadanganya.

Na kama bado hujaona Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, kuhusu mtoto mgonjwa anayetaka kuwa supahiro na kijiji kizima kinachoungana kumfanya awe, sijui umekuwa wapi. Hiyo beba leso.

Nimesahau moja. Kama stori ya Lucy ni yako, ama ni ya mtu unamjua, nambari ya 1195 ni ya bure hapa Kenya kwa mambo ya dhuluma za kijinsia, na watoto wana 116. Nenda hosi mapema, ndani ya saa 72 ili dawa za kuzuia HIV ziweze kufanya kazi, na usioge ama kufua nguo kwanza juu huo ni ushahidi. Kuripoti kwa karao unaweza kufanya baada ya matibabu.