Kichwa cha mtoto kikikua haraka kuliko kawaida

Mama, utosi wa mtoto mchanga ni laini kwa sababu mifupa ya kichwa bado haijafunga. Uwazi huo unatusaidia. Mtaalamu hupaka jeli, huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya utosi na kuangalia kama maji yamejaa kwenye ubongo, hali tunayoiita kichwa kikubwa. Hakuna mionzi wala sindano. Mtoto anaweza kupimwa akiwa amepakatwa. Utosi ukishafunga, itabidi siti skani, ambayo hutumia mionzi na humtaka mtoto atulie kabisa.

Je, kama ultrasaundi ya ujauzito ilikuwa nzuri? Bado mpeleke kliniki apimwe kichwa kwa futi kamba. Maji yanaweza kujaa baada ya kuzaliwa, hasa mtoto akiugua homa ya uti wa mgongo.

Ukiona utosi umevimba hata akiwa ametulia, macho yanaelekea chini, anatapika mara kwa mara, au kofia ya mwezi jana haimwingii, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha karibu upewe rufaa. Upasuaji hufanyika MOI, pale Muhimbili. Nimeona akina mama wakipoteza wiki nzima wakikanda kichwa. Maji hayo hayatoki kwa kukandwa, na yakizidi hubana ubongo.