Baiskeli Haikuwa ya Mtoto

Kitabu cha picha kuhusu mtoto anayejifunza baiskeli hudhani, bila kusema, kwamba baiskeli ni ya mtoto. Kwa miongo mingi Nyeri, Karatina na Kerugoya, katikati mwa Kenya, ilikuwa ya baba: nyeusi, nzito, ile iliyojulikana kama Black Mamba, na kazi yake ilikuwa kubeba maziwa na magunia. Mtoto aliiazima, aghalabu bila ruhusa. Kwa kuwa hakufikia kiti, alipenyeza mguu mmoja chini ya chuma cha juu, akakanyaga pedali zote mbili huku kiwiliwili kikining'inia upande. Ufundi huo ulihitaji kaka wa kushikilia keria nyuma, pamoja na mteremko usio mkali, kitu adimu katika matuta ya huko.

Atakayesema vitabu vya watoto kuhusu baiskeli hiyo vilikosekana huko kwa sababu hapakuwa na wachapishaji, hoja yake haisimami. Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri, alichapisha vitabu vya Kikuyu papo hapo Karatina, vikiwamo vya kufundishia kusoma, na mwaka 1984 akatunukiwa Tuzo ya Noma ya uchapishaji barani Afrika. Ngũgĩ wa Thiong'o, mtu wa Limuru, alianza visa vya watoto vya Njamba Nene mwaka 1982: cha kwanza kina basi linaloruka, cha pili kina bastola. Kwa hiyo, si kwamba waandishi hao walichoshwa na vyombo vya usafiri. Nionavyo, walitaka kwanza mtoto aipate lugha yake na habari za vita vya ukombozi vya Mau Mau. Mambo ya kupanda na kuanguka waliiachia barabara ya vumbi, na sioni kama walikosea.