Serengeti na Wenyewe: Miaka 75 ya Hifadhi

Mwaka 2026 ni wa 75 tangu Serengeti itangazwe hifadhi ya taifa, mwaka 1951. Dunia inaijua kwa nyumbu. Sisi wa mkoa wa Mara tuna wajibu wa kuisimulia pia kwa watu wake: Waikoma, Wanata, Waishenyi, Waikizu, Wangoreme, Wakurya, Watatoga na Wamasai.

Waishenyi huitaja Nyeberekera, makao ya babu zao ambayo leo yamo ndani ya hifadhi. Waikoma wana Machaba, meno ya ndovu waliyoyapata kwa uaguzi wa Kitatoga, yakatunzwa kizazi hata kizazi. Watu hawa walilima mtama na ulezi, wakawinda kwa mashimo na mishale ya sumu, wakachoma nyika kwa msimu ili majani mabichi yachipue. Miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe na nyumbu. Ndui na njaa vikafuata. Pori ambalo wageni walilikuta kimya, wakadhani halina wenyewe, lilikuwa nchi iliyofiwa. Wajerumani wakajenga boma Ikoma, kisha Waingereza wakaanza kubana uwindaji.

Huko Moru, ndani ya hifadhi, kusini mwa Seronera, upo mwamba wenye vishimo vya mviringo. Ukiugonga kwa jiwe unalia kama kengele. Jirani yake, kwenye ukuta wa jabali, morani wa Kimasai wamechora ngao kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Lakini mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, na mwaka uliofuata jamaa zao wakahamia Ngorongoro.

Kwa upande wetu, Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, iliingizwa hifadhini miaka ya 1960. Wakurya waliokuwa wakilima huko wakaondoka. Mwaka 1994 Ikorongo na Grumeti nayo yakawa mapori ya akiba.

Nyumbu wamezidi milioni moja, na tangu 1981 Serengeti ni Urithi wa Dunia. Ni fahari ya kweli. Lakini gharama yake wameibeba wanavijiji wa pembezoni, na haki yao ya kwanza ni kutajwa.

Wazee waliokulia Lamai bado tunao. Halmashauri za Tarime na Serengeti, walimu, na ninyi wajukuu: warekodini, mwandike majina ya visima, malisho na makaburi wanayoyakumbuka, wangali hai.