Neno Jepesi, Picha Nzito

Leo tutazungumza juu ya gharama ya kupelekeana habari.

Katika mwaka wa 1879 waya wa simu za maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Unguja, ukaendelea hata Durban. Kila neno lililipiwa. Basi wafanyabiashara wakatumia vitabu vya mkato, ambamo neno moja lilishika mahali pa sentensi nzima.

Intaneti nayo ilipofika kwetu, ilitegemea zaidi setilaiti, na bei yake ilikuwa kali. Mwaka wa 2006 programu ya Opera Mini ilitolewa kwa dunia nzima: mtambo ulio mbali huupunguza ukurasa kwanza, ndipo huuleta katika simu yako. Mwaka wa 2009 waya wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Bei zikaanza kushuka, lakini mwenye bando dogo angali akihesabu.

Ndugu msikilizaji, maandishi ni mepesi, picha ni nzito, video ni nzito zaidi. Zizuie zisijifungue zenyewe. Fungua ile unayoihitaji tu. Wazee walipunguza maneno; sisi tupunguze picha.

Kwaherini.